Shati la Kazi Kwenye Laini ya Kura

Mimi aibu zangu nyingi huzimeza na chai ya asubuhi nikaenda kazini, lakini hii imekataa kumezeka, maana kuna watu walipiga video, na mpaka leo kila nikiingia kanisani hakosi mtu wa kuniinulia kidole kidogo na kuniuliza, "Mama Mueni, laini inaanzia wapi?" Basi nimeamua kuiandika mwenyewe kabla haijaongezwa chumvi, tena naiandika kwa majina, kwa sababu walionifanyia haya wana majina.

Kwanza mnijue. Mimi ni sekyuriti katika jengo moja la kupangisha hapa Dubai, masomo yangu yaliishia darasa la sita, na huku nililetwa na ajenti wa kwetu anayeitwa Fidelis Wambua (ndiyo, Fidelis, nimekutaja, kama unasoma soma vizuri) aliyeniapia kwamba nakuja kupokea wageni hotelini. Wageni niliowapokea ni sufuria. Nilijikuta jikoni kwa madam mmoja aliyefungia pasipoti yangu kabatini na ambaye hakujua kama kuna kitu kinaitwa siku ya kupumzika. Uchaguzi mmoja wa kwetu ulinipitia nikiwa jikoni humo, matokeo nikayapata kwa dereva wa jirani aliyenionyesha kwa vidole dirishani. Na uchaguzi mwingine wa nyuma fujo zilianza mapema, nikakimbia na watoto, kadi ya kura ikaungua pamoja na nyumba. Kila mwaka wa kura palikuwa na la kunizuia. Nimefika umri wa kuitwa nyanya, shosho, nimetoka kwa yule madam kwa miguu yangu, nimetafuta kazi mpya na pasipoti yangu sasa inalala chini ya mto wangu kule mtaa wa International City, lakini nilikuwa sijawahi hata siku moja kutumbukiza karatasi kwenye sanduku.

Kwa hiyo iliposemekana kwamba Wakenya tulio Dubai tutapigia kura huku huku, mimi nilijiandikisha kabla wengine hawajamaliza kuuliza kama ni kweli.

Sasa shida. Kwetu siku ya kura ni sikukuu, hata shule zinafungwa, lakini huku Jumanne ni Jumanne, kura yako haimhusu mtu. Katika jengo letu Wakenya wa zamu ya mchana tulikuwa watatu: mimi langoni, Boniface Mutiso kule chini kwenye maegesho ya magari, na Nancy, msichana wa mapokezi, ambaye naye ilikuwa kura yake ya kwanza. Wa nne ni supavaiza wetu, Ezekiel Nzioka, na huyo ndiye anayeniuma zaidi kwa sababu ni Mkenya mwenzetu. Nilipomwendea kuomba ruhusa, hata hakuinua macho kwenye simu.

"Kura? Mama Mueni, hiyo kura itakulipia bedspesi, hicho kitanda chako cha kupanga?"

"Itanilipia heshima."

"Heshima haina kiyoyozi. Rudi langoni."

Nikarudi langoni, lakini mdomo wangu haukurudi. Jioni meneja wa jengo, Sir Haroun, alipokuwa anatoka na gari lake sikumfungulia kizuizi. Nilisimama mbele ya gari. Akashusha kioo, nami kwa Kiingereza changu cha kuokota okota nikamwambia kwamba nchi yangu inaniita siku moja tu kila miaka mitano, na mimi sijawahi kuitika, na kwamba watu wake watatu wanaomlindia mlango wanataka kwenda kulinda nchi yao kidogo na kurudi. Alinitazama sana. Nyuma yake magari yalikuwa yanapiga honi.

"Mama," akasema, "wewe na mtu wa maegesho mtatangulia asubuhi. Mkirudi wote wawili kabla ya adhana ya alasiri, huyu msichana ataenda. Mmoja asiporudi, khalas, basi, huyu msichana haendi. Na wewe ndiye dhamana. Sasa fungua mlango."

Nikafungua. Ezekiel alipopata habari alikunja uso kama mtu aliyeuma ndimu. (Ezekiel, nilikuona.)

Basi hapa ndipo palipo ule uamuzi mdogo ulioniponza. Asubuhi ya kura Nancy aliniambia, "Mama, si ubadilishe nguo kwanza? Gauni lako la maua liko kwa kabati." Nikakataa. Shati langu la kazi nilikuwa nimelipiga pasi usiku mpaka mikono inakata kama kisu, beji inang'aa, firimbi imening'inia kifuani, na mimi nilitaka nipigwe picha nikiwa hivyo nimtumie binti yangu Mueni aone mama yake amefika wapi. Tena nikajiambia, nikirudi naingia langoni moja kwa moja bila kupoteza muda. Ni majivuno, nakubali. Lakini na nyinyi mngekuwa mmetoka nilikotoka mngejivuna.

Tukafika mimi na Boniface. Jua la Agosti la Dubai halina salamu, linakupiga kofi mlangoni. Watu walikuwa wamejaa, wa makabila yote, wapishi, wahudumu, madereva, walimu, wa upande huu na wa upande ule, wamesimama ovyo kama kuku waliomwagiwa mahindi, hakuna anayejua nani yuko mbele ya nani. Hata sijatulia, dada mmoja akanishika mkono: "Askari, laini inaanzia wapi?"

Mtu ambaye kazi yake ni kusimama langoni akiulizwa swali kama hilo atafanya nini? Nikamwonyesha. Akaja wa pili, nikamwonyesha. Wa tatu akataka kubishana, nikamwambia, "Bwana, simama nyuma ya huyo mwenye kofia," akasimama! Na Boniface Mutiso, badala ya kusema kwamba huyu ni mpiga kura kama nyinyi, akapaza sauti, "Jamani, msikilizeni askari, huyu mama ni mkali!" Alijua anachofanya. Mimi sikujua.

Nikapanga laini, na niseme ukweli wangu, ilipendeza. Ilinyooka, ikapinda vizuri kwenye kivuli, wazee nikawatafutia viti, na wenye watoto wachanga nikawapitisha mbele, kwa sababu hiyo ndiyo desturi yetu, mwenye mtoto mgongoni hasimami juani. Watu wananiita "madam". Mimi! Madam! Nilipanda, nikashuka, firimbi ikicheza kifuani, na hata mara moja sikukumbuka kwamba katika laini hiyo yote niliyoipanga, mahali pangu mimi hapakuwapo.

Mara namwona Boniface anakuja mbele amebeba mtoto mchanga mwenye kofia ya njano.

"Boniface, tangu lini una mtoto Dubai?"

"Namshikia mama mmoja, amechoka, anakuja nyuma yangu."

Nikampisha. Baada ya muda akaja kijana mmoja mrefu mwenye miwani ya jua, naye ana mtoto wa kofia ya njano. Nikampisha. Akaja pia dada mmoja wa saluni, kucha ndefu, mtoto kamshika kama mtu aliyebeba sinia la moto, kofia ya njano. Nikampisha huyo pia, na moyoni nasema, kumbe supamaketi fulani imeuza kofia rahisi mwezi huu. (Cheka tu. Hata mimi sasa nacheka, lakini kwa uchungu.)

Basi mwishoni mwa laini nikasikia ukelele. Aliyepiga alikuwa Bi Rehema, mama wa Mombasa aliyeishi Dubai miaka mingi, buibui lake safi, mkoba wa mtoto begani, na mikononi hana kitu.

"Askari! Mjukuu wangu!"

"Nani anaye, mama?"

"Kijana mmoja ana adabu, kanambia mama umechoka, nipe nikushikie mtoto. Nikamwombea heri. Sasa heri anayo yeye na mtoto anaye yeye, na mimi niko papa hapa juani!"

Nikaitazama mikono yake mitupu. Nikakumbuka kofia za njano zote tatu, nikaona kwamba kofia ilikuwa moja. Walikuwa wakitoka mlango wa nyuma wanapokezana mtoto kama kijiti cha mbio. Nikafanya ninachofanya nikichanganyikiwa kazini: nikapuliza firimbi. Nikaipuliza kwa nguvu zangu zote, kwenye kituo cha kura, mbele ya umati. Umati mzima ukanigeukia.

Mlango ukafunguka, akatoka msimamizi wa kituo, dada mdogo tu mwenye miwani, amembeba mtoto wa kofia ya njano. Mtoto alikuwa ananyonya kidole, na kidole hicho kilikuwa na wino.

"Mtoto huyu ameingia kwangu na wazazi watatu," akasema. "Karani wangu amemtia wino asirudi tena. Wa nani?"

Bi Rehema alimpokonya akambusu, kisha akakitazama kile kidole, akaniangalia mimi. "Askari, hata meno hajaota, mshampigisha kura!"

Watu wakaangua kicheko, na wengine hawakucheka, wakaanza kufoka kwamba askari amekula njama, anapitisha watu wake. Msimamizi akanikazia macho.

"Na wewe ni nani? Nani amekuweka hapa?"

"Hakuna aliyeniweka. Mimi ni mpiga kura."

"Mpiga kura gani ana firimbi?"

Nikaificha firimbi ndani ya kiganja. Akaniambia kwa upole, lakini kila mtu akisikia, kwamba kituo kina walinzi wake, sare ya mlinzi mwingine haiingii pale kuwachanganya watu, nivue shati au niondoke, na nikitaka kupiga kura nikasimame nyuma kama kila mtu. Nikageuka kutazama hiyo nyuma. Ilikuwa kule kwenye magari, kwa sababu mimi mwenyewe ndiye niliyeinyoosha ikafika huko.

Nilikuwa na hasira na aibu, nikafungua vifungo vya shati haraka haraka, nikalivua, nikampa Bi Rehema anishikie. Na hapo nikasikia umati unavuta pumzi.

Wenzangu mnajua kiyoyozi cha majengo ya huku, langoni kwetu kuna baridi ya kuhifadhi samaki, kwa hiyo ndani ya shati mimi huvaa fulana. Na mnajua fulana zetu Wakenya za kulalia zinatoka wapi. Yangu ilikuwa ya mgombea mmoja wa udiwani wa kwetu, wa uchaguzi wa zamani, uso umefifia kwenye mashine ya kufulia yakabaki meno peke yake, na chini yake maandishi makubwa yaliyokataa kufifia: MAJI MLANGONI. Nilikuwa nimesimama katikati ya kituo cha kura na kifua kilichojaa kampeni.

"Ni wakala! Huyu ni wakala wa mtu!" mmoja akapiga kelele.

"Anafanya kampeni siku ya kura!"

Na kutoka katikati ya laini mzee mmoja akasimama kutoka kwenye kiti nilichomtafutia mimi mwenyewe, akaninyooshea mkono: "Meno hayo nayajua! Huyo ndiye aliyekula pesa ya kisima chetu!"

Simu zote zikawa juu. Msimamizi aliziba uso kwa mkono, nadhani alikuwa anacheka, Mungu ambariki. Aliyeniokoa ni Bi Rehema. Alichomoa leso kwenye mkoba wa mtoto akanirushia.

"Jisitiri, mwanangu, meno yaonekana!"

Nikajifunga leso kuanzia shingoni, leso inanuka maziwa na mkojo wa mtoto, na mgongoni imeandikwa *Wasemao waseme*. Nikaenda kusimama nyuma.

Na nikiwa njiani nikamwona Boniface ndani ya teksi, kidole chake cha wino nje ya dirisha. "Mama Mueni! Napitia Satwa mara moja, suti yangu iko kwa fundi! Tutaonana kazini!" Nikamwita. Nikamwita kwa majina yake yote na ya babu yake. Teksi ikaenda.

Adhana ya adhuhuri ikatoka. Ndipo nilipohesabu akilini mwangu. Nancy yuko kule mapokezi amevaa viatu vya kutokea, ananisubiri mimi. Nikichelewa, kura yake imekwenda. Nikiondoka, yangu imekwenda tena, na safari hii hakuna wa kulaumu, si madam, si moto, ni shati langu. Bi Rehema, ambaye sasa alikuwa anapitishwa mbele kwa haki yake, alinirudia akaninyooshea mjukuu.

"Mchukue upite, usichelewe."

"Hapana, mama. Huyo ameshapiga."

Hata wale waliokuwa wananizomea walicheka. Lakini mimi nilikuwa nimekataa kwa moyo. Laini ile niliipanga kwa mikono yangu, na kama mimi ndiye ningeirukia, basi Boniface na mimi tungekuwa kitu kimoja. Nikasimama. Nikasema, nikisikia watu wa msikiti wanaanza kujiandaa kwa alasiri nitaondoka, hata kama nimebakisha mtu mmoja, kwa sababu nimempa Nancy neno langu.

Na mnajua nini? Laini ilitembea! Hakuna aliyesukuma, hakuna aliyeruka, ilitembea kama maji kwenye mfereji, na ilitembea kwa sababu ilipangwa na mtu anayejua kazi yake. Yule mzee wa kisima akatoka ndani na kidole chake cha wino, akapita karibu yangu, akasema bila kunitazama, "Kiti kilikuwa kizuri, lakini."

Nikaingia. Nikatoa pasipoti yangu, niliyoipigania na yule madam, mkononi mwangu mwenyewe, karani akatafuta jina langu akalipata. Jina langu lilikuwapo. Karatasi moja, kalamu moja, kisanduku cha kadibodi cha kujifichia. Siwaambii niliweka alama wapi. Lakini nilipoitumbukiza ile karatasi sikuondoka mara moja, nilisimama hapo nikalisikiliza sanduku, na karani akaniuliza, "Mama, uko sawa?" Nikamwambia nimechelewa miaka mingi tu, lakini niko sawa.

Kutoka nje, Bi Rehema hayupo. Mkwewe alikuwa amekuja kumchukua na gari, na shati langu limeondoka nalo kwenye mkoba wa mtoto.

Hakukuwa na muda wa kulilia shati. Nikaingia kwenye teksi na leso yangu, na nilipokanyaga kizingiti cha jengo letu mwadhini alikuwa anasema Allahu Akbar ya kwanza. Pale mapokezi walikuwa wamesimama Sir Haroun, Ezekiel na Nancy.

"Mama Mueni," Nancy akasema, "umetoka kura ama harusini?"

Sir Haroun alitazama nyuma yangu. "Mwingine yuko wapi?"

Ezekiel akaruka hapo hapo. "Sir, si nilisema? Hawa hawarudi. Khalas, Nancy haendi."

Nikaona macho ya Nancy yanajaa. Nikaona pia dirisha la jikoni la yule madam, na dereva wa jirani akinionyesha vidole. Nikasema hapana, kwa huyu mtoto haitakuwa hivyo.

"Sir, dhamana ni mimi na mimi nimerudi. Nitalinda lango na maegesho, yote mawili, mpaka arudi."

"Sehemu mbili peke yako?"

"Sir, leo asubuhi nimeisimamisha Kenya nzima."

Kwa bahati mbaya nilisema hivyo nikiwa nimenyoosha mkono, leso ikateleza, na meno yakatokea. Sir Haroun akainama kuyatazama.

"Na huyu ni nani?"

"Huyu, Sir, ni mtu aliyeshindwa."

Alicheka mpaka akashika meza. Kisha akamgeukia Nancy akasema, "Yalla, nenda!" Na Nancy akakimbia, viatu mkononi. Kwa Ezekiel akasema dawati la mapokezi atalikalia yeye mwenyewe, supavaiza, na Ezekiel Nzioka akakalia kiti cha Nancy jioni yote akiwatabasamia wapangaji kwa maumivu.

Mimi nilipanda na kushuka ile ngazi ya maegesho, leso inapepea, wapangaji wananisalimu kwa mashaka. Boniface alirudi baada ya magharibi na suti yake begani. Sir Haroun hakumfokea, alimwuliza tu kama suti imemkaa vizuri, halafu akamhamishia zamu ya usiku, na yuko huko mpaka leo, suti haina pa kuvaliwa.

Nancy naye alirudi na kidole cha wino akinionyesha kutoka mbali, na mkononi ana mfuko. Bi Rehema alikuwa amerudi kituoni kunitafuta, akiuliza watu kwa jina lililo kwenye beji yangu, na Nancy akamsikia. Ndani ya mfuko lilikuwa shati langu, limefuliwa, limekauka, limepigwa pasi kuliko nilivyolipiga mimi, linanukia udi. Leso akasema nibaki nayo.

"Na Mama," Nancy akasema, "kule laini imeharibika kabisa. Watu wanasukumana. Yule dada wa miwani aliniuliza kama namjua askari mmoja wa leso."

Nilivaa shati langu nikafunga vifungo vyote, mpaka cha shingoni.

Basi nimejifunza. Kura inayofuata, Mungu akinipa uhai, nitaenda na gauni la maua, firimbi nitaifungia kazini, na mtu akiniuliza laini inaanzia wapi nitamwambia na mimi ni mgeni. Mtoto wa mtu sitamtazama hata kama ana kofia ya dhahabu. Na ile fulana nimeikata vipande, ndiyo ninayong'arishia viatu vya kazi kila asubuhi, na nadhani hiyo ndiyo kazi ya kwanza ambayo Maji Mlangoni amewahi kumfanyia mwananchi.